Maswali ya Wasomaji: Rilei Inayogonga Kabla ya Wakati

SWALI: Nimeunda amplifaya yenye transfoma ya volti 25-0-25. Rilei ya spika, yaani swichi ya sumaku inayounganisha spika (volti 24, koili ya omu 1440), inaendeshwa na transista BC547, ikipata umeme kutoka kapasita kubwa za saplai. Besi ya transista hiyo (mguu unaoiamuru) ina rezista ya kilo-omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 100, nikitarajia rilei ichelewe sekunde kumi. Nikiwasha tu, inagonga (inaunganisha). Nikizima, spika zinatoa kishindo. Kosa liko wapi?

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, ila sekunde kumi ni muda wa kapasita kufika asilimia 63 ya volti 35 za saplai (kilele cha volti 25 za transfoma), yaani volti 22. Transista haisubiri huko, volti 0.6 zinaitosha, na hizo hufikiwa kabla hata robo sekunde haijatimia. Usikimbilie kuongeza kapasita. Weka dayodi ya zena ya volti 12 kati ya kapasita hiyo ya muda na besi, katodi (upande wenye mstari) ikielekea kapasita, na badala ya BC547 tumia transista TIP122. Sasa transista itafunguka na rilei kugonga kwenye volti 13 hivi, baada ya sekunde tano, muda unaotosha kabisa. Angalia miguu: TIP122 ukiitazama usoni ni besi, kolekta, emita, BC547 huanza na kolekta.

Kishindo cha kuzima kina sababu nyingine. Kapasita kubwa huchelewa kuisha, hivyo rilei hubaki imeshika huku amplifaya ikiyumba. Ipe rilei saplai yake: dayodi 1N4007 kutoka waya mmoja wa volti 25 wa transfoma, kisha kapasita ya mikrofaradi 100 ya volti 50, na sambamba nayo rezista ya kilo-omu 4.7, nusu wati. Ongeza dayodi 1N4148 kutoka chanya ya kapasita ya muda kwenda chanya ya saplai hii ndogo, katodi upande wa saplai. Bila hiyo, ukizima na kuwasha haraka rilei haitachelewa tena.

Koili isipewe volti 35 moja kwa moja: tanguliza rezista ya omu 680, nusu wati. Na 1N4007 ya kinyume sambamba na koili ni lazima, la sivyo transista itakufa siku rilei inapoachia.

Ikiwa baada ya haya rilei haigongi kabisa, pima kapasita ya muda. Ikiganda chini ya volti 12, inavuja. Rezista ya kilo-omu 100 hutoa miliampea 0.2 tu, na kapasita iliyong'olewa kwenye redio kuukuu huweza kuzimeza zote. Weka mpya.