Fundi Anajibu: Kiasi Kilichotoka Ndicho Kinachorudi

Mwezi huu zimefika barua tatu zinazohusu jambo moja, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita haidroliki. Nimezijibu pamoja, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa kuwa mwandishi wake anataka kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kibosho. Nina Toyota IST ya mwaka 2004 niliyoinunua ikiwa imetumika Japani, na sasa imetembea kilomita 148,000. Oili ya injini nabadilisha mwenyewe uani kwangu, lakini ya giaboksi haijaguswa tangu nilipolipata gari hili miaka minne iliyopita. Fundi mmoja wa mjini Moshi amenionya nisithubutu, kwa maelezo kwamba gari la umri huu likibadilishiwa oili ya giaboksi halimalizi mwezi. Mwingine anasema nikiendelea kusubiri nitanunua giaboksi nzima. Gari linakwenda vizuri, ila oili imekuwa ya kahawia. Je, nibadilishe, na je, naweza kuifanya kazi hii nyumbani?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Badilisha, na nyumbani unaweza, ila usiifanye kama unavyofanya oili ya injini.

Onyo la fundi wa kwanza lina chanzo chake. Magari ya namna hiyo nimeyapokea mara nyingi: giaboksi imeshaanza kuteleza, sahani za klachi zimelika, mwenye gari anashauriwa abadilishe oili kama jaribio la mwisho, na wiki mbili baadaye gari halipandi tena kilima. Lawama zote huiangukia oili mpya, ilhali giaboksi ilikuwa imekwisha kabla dumu halijafunguliwa. Wapo pia wanaoua giaboksi isiyo na kasoro yoyote kwa kuijaza oili isiyo yake, au kwa kukisia kiasi. Hao ndio wanaonisikitisha zaidi, kwa sababu hasara yao ingeepukika kwa chupa mbili tupu na subira ya saa moja.

Anza kwa kuichunguza oili iliyomo. Chomoa kijiti cha kupimia na udondoshe matone mawili juu ya karatasi nyeupe. Oili mpya ni nyekundu na inapenyeza mwanga. Kadiri inavyopata joto na kuzeeka hugeuka kahawia, na hilo peke yake si ugonjwa. Ikiwa ni nyeusi na inatoa harufu ya kuungua kama breki za lori lililoshuka mlima, na gari linachelewa kuingia gia au linanguruma bila kuongeza mwendo, usihangaike na dumu. Nenda kwa fundi wa giaboksi. Ikiwa imekuwa ya pinki na nzito kama maziwa yaliyotiwa rangi, maji ya rejeta yameingia, kwa kuwa katika magari mengi oili hii hupozwa ndani ya rejeta, na hapo gari lisiwashwe tena mpaka litengenezwe. Kwa maelezo yako, Mwalimu, wewe uko katika kundi la kwanza, la oili ya kahawia tu.

Pili ni aina ya oili. Rangi nyekundu haimaanishi chochote, maana karibu kila kampuni hupaka oili yake rangi hiyo. IST za kizazi chako kwa kawaida hutumia Toyota Type T-IV, na aina hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye kijiti chenyewe, kwa hiyo kifute na ukisome kabla ya kwenda dukani. Muuzaji akikupa WS akisema ni toleo jipya la ileile, mrudishie. WS ni nyepesi zaidi na imetengenezwa kwa ajili ya giaboksi nyingine.

Sasa tuje kwenye jambo linalowachanganya wengi. Ukifungua bolti ya kumwagia oili, haitoki yote. Sehemu kubwa hubaki ndani ya tokikonveta, kile chombo cha mviringo kilicho kati ya injini na giaboksi, pamoja na mirija ya kupozea. Kwa gari kama lako hutoka takriban lita 3, na nyingine kama hizo hubaki. Tuchukue mfano wa giaboksi yenye lita 6. Ukimwaga 3 na kurudisha 3, nusu ya oili ni mpya; ukirudia baada ya wiki tatu, robo tatu ni mpya; ukirudia mara ya tatu, iliyobaki ya zamani ni kama sehemu moja kati ya nane. Kwa giaboksi ya umri wa gari lako, ambayo historia yake ya Japani hatuijui, naipenda njia hii ya polepole kuliko ya mashine inayosukuma oili yote kwa mpigo mmoja.

Siku ya kazi, liendeshe gari dakika kumi ili oili ipate uvuguvugu na kubeba uchafu uliotuama, kisha lizime. Weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, kaza breki ya mkono, nyanyua mbele kwa jeki, kisha uliteremshe gari juu ya stendi mbili za chuma kabla hujaingiza hata mkono chini yake. Nakuomba sana, usitumie tofali za saruji. Tofali hubeba mzigo kimya kimya na kupasuka ghafla, na jeki ni ya kunyanyulia tu, haikuumbwa kulishikilia gari wakati mtu amelala chini yake.

Ukiwa chini, hakikisha unafungua bolti iliyo sahihi. Injini ya IST iko upande wa kulia na giaboksi upande wa kushoto, anakokaa abiria wa mbele. Sampu ya giaboksi, yaani bakuli lake la chini linaloshika oili, ni bapa na imezungukwa na bolti ndogo ndogo, na bolti ya kumwagia, katika Toyota nyingi, ina tundu la pembe sita katikati badala ya kichwa cha kushikwa na spana. Nimeshamwona mtu amemwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, kisha akaongeza lita tatu na nusu za oili ya injini juu ya iliyokuwamo. Aliharibu vyote viwili kwa asubuhi moja. Zile bolti ndogo usiziguse safari hii. Zinakazwa kwa nguvu ndogo sana, huvunjika au kula nyuzi kirahisi, na kusafisha filta kunaweza kusubiri siku utakapokuwa na fundi pembeni.

Weka karai safi, fungua, na uiache oili ichuruzike mpaka iwe tone moja moja. Iangalie inavyotuama: ukungu wa kijivu unaometa ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari nyingine. Rudisha bolti ikiwa na washa mpya na uikaze vizuri, bila kuning'inia kwenye spana.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zilizokauka kabisa ndani, na uimimine humo oili chafu yote iliyotoka. Iache ipoe mpaka ilingane na joto la oili mpya, kwa sababu oili ya moto huvimba na itakudanganya. Chora mstari kwa kalamu mahali ilipofikia katika kila chupa. Kisha chukua chupa nyingine mbili za aina ileile, nazo zikiwa kavu, na ujaze oili mpya hadi mistari hiyohiyo. Kiasi kilichotoka ndicho kinachorudi. Ikiwa kabla ya kumwaga kijiti kilionyesha kipimo sahihi, basi umeshamaliza sehemu kubwa ya mashaka. Mimina kupitia tundu la kijiti kwa faneli yenye mrija mwembamba, taratibu, na ubakize kama robo lita ya mwisho mkononi. Injini isiwashwe hata kwa sekunde moja kabla ya kumimina, kwa kuwa pampu itafyonza hewa.

Teremsha gari, liwashe, kanyaga breki, na uipitishe gia kutoka P hadi ya mwisho ukisimama sekunde chache kila mahali, kisha urudi P. Tofauti na injini, oili hii hupimwa injini ikiwa inaunguruma. Kijiti kina alama mbili, ya baridi na ya moto. Ile ya kuaminiwa ni ya moto, baada ya safari ya kutosha kuifikisha oili kwenye nyuzi 70 hadi 80 hivi. Alama ya baridi itumie tu kujua kama gari linaweza kutoka uani. Kifutie kipande cha kanga iliyochakaa, si sufi wala taulo, kwa maana unyuzi mmoja ukiingia kwenye valvu unaweza kuikwamisha.

Tatizo lako kubwa, Mwalimu, ni Kibosho yenyewe. Uani kwa watu wengi wa mlimani ni mteremko, na gari likiinama upande mmoja oili huinama nalo, kijiti kinasema uongo, nawe unaongeza pasipohitajika. Oili ikizidi, gia zinazozunguka huipiga ikawa povu, na povu halina nguvu ya kubana klachi; ikipungua, pampu hufyonza hewa mara tu unapoanza kupanda. Kwa hiyo mwaga na ujaze nyumbani, lakini vipimo vya mwisho vichukulie mahali palipo sawa. Ukitaka uhakika, azima pimamaji ya fundi mwashi, uilaze juu ya ubao mrefu chini ya gari, kwanza kwa urefu na kisha kwa upana.

Jambo moja zaidi kuhusu barabara yenu. Kupanda kwa mwendo wa polepole gari likiwa limejaa, kama inavyokuwa Desemba watu wanaporudi nyumbani na mizigo yao, ndiko kunakoipika oili hii, kwa sababu tokikonveta inapoteleza huzalisha joto jingi. Tumia 2 au L kwenye vilima vikali badala ya kuiachia D ihangaike. Kwa matumizi hayo, ukishamaliza awamu zako tatu, ningeibadilisha tena kila kilomita 40,000.

SWALI: Fundi, shikamoo. Naishi Njiro, Arusha, na nina Nissan X-Trail ya mwaka 2010 yenye CVT. Mwezi uliopita gereji moja ilinibadilishia oili ya giaboksi, wakaweka oili nyekundu ya otomatiki wakisema haidroliki zote ni moja. Sasa nikipanda kwenda mjini asubuhi, injini inapaa lakini mwendo hauongezeki, na kuna mlio kama mluzi. Je, itazoea?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Haitazoea, na nakusihi usiliendeshe tena hata hadi dukani. CVT haina gia za kupokezana kama za IST ya Mwalimu. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na kinachouzuia mkanda huo usiteleze ni mgandamizo pamoja na oili iliyotengenezwa kwa msuguano maalumu wa chuma kwa chuma. Gari lako linahitaji NS-2, oili ya Nissan ya CVT. Oili ya otomatiki ya kawaida haiupi mkanda ule mshiko huo, kwa hiyo unateleza, na kila unapoteleza unakwaruza uso wa puli. Mkwaruzo huo haufutiki.

Ita gari la kubebea magari litakaloyanyanyua magurudumu yote manne, lisivutwe kwa kamba. Fundi anayeijua CVT amwage oili iliyomo, afungue sampu na akuonyeshe zile sumaku zilizo ndani kabla hajazifuta: tope laini la kijivu linatia matumaini, lakini vijipande vinavyong'aa vinamaanisha mkanda au puli vimeumia. Kama ni tope tu, ajaze NS-2, aendeshe kidogo, amwage tena na kujaza, mara tatu, ili masalia ya oili nyekundu yaliyomo kwenye tokikonveta yapungue. Kwa gereji ile, rudi na risiti yako na uwaombe waandike ni oili gani waliyoweka na lita ngapi. Una haki ya kulijua hilo, na fundi anayefuata atalihitaji.

Mwenye CVT asifuate maelekezo niliyompa Mwalimu. Nyingi hupimwa kwa mashine inayosoma joto la oili, na hiyo ni kazi ya gereji.

SWALI: Naandika kutoka Machame. Nina dumu la oili chafu ya giaboksi. Je, naweza kupaka nguzo za uzio ili kuzuia mchwa, na inayobaki niimwage wapi?

JIBU: Wengi hupaka, lakini kwa nguzo zilizo kando ya mgomba, mboga au mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, nakuomba usifanye hivyo. Mvua za masika huiosha oili ile, ikaingia kwenye mfongo, na maji ya mfongo hayaishii kwako. Anayekaa chini yako anamwagilia, na ng'ombe wake wanakunywa. Usiimwage chooni wala shimoni. Ifunge kwenye dumu lake bila kuichanganya na maji ya rejeta, petroli wala maji ya kawaida, uandike nje kwamba ni oili chafu, na uipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili iliyotumika. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea, kabla hujalipakia dumu kwenye daladala.