Maswali na Majibu: Kipenyo, Ujazo na Rangi ya Ukutani

Nataka kununua tangi la duara lenye kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 1.5. Nimepata lita 9,240, lakini muuzaji anasema linaingia lita 2,300 hivi. Ananipunja? (Morogoro)

Hakupunji. Umeweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo, kosa linaloongoza katika maswali ninayoletewa. Wengi hudhani ukikosea hapo jibu linazidi mara mbili. Linazidi mara nne, kwa sababu nusu kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe. Fanya hivi: 0.7 kwa 0.7 ni 0.49, mara 22/7 ni mita za mraba 1.54, hicho ni kitako. Mara kimo 1.5 ni mita za ujazo 2.31, yaani lita 2,310.

Tena ungeshtuka mapema. Sanduku la mita 1.4 kwa 1.4 kwa 1.5 lina lita 2,940 tu. Tangi linaloenea ndani ya sanduku hilo litabebaje lita 9,000? Kisia kwanza, halafu ndiyo ushike kalamu.

Mita 1 ya ujazo ni sentimita za ujazo 100, sivyo?

Sivyo! Ni 1,000,000: 100 kwa 100 kwa 100. Nimeshajibu hili mara nyingi, na bado linaulizwa na watu wanaoagiza mchanga na kokoto kwa fedha zao wenyewe.

Nitumie 22/7 au 3.14?

Ile uliyopewa kwenye swali. Zote ni makadirio: 22/7 imeizidi pai (π, yaani mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake) kidogo, 3.14 imepungua kidogo.

Chumba ni mita 4 kwa 3, kwenda juu 2.8. Nimezidisha nikapata 33.6. Ninunue rangi ya kutosha eneo hilo?

Ulichopata ni ujazo, yaani hewa iliyomo chumbani. Rangi inapakwa ukutani. Mzingo wa chumba ni mita 14, mara 2.8 ni mita za mraba 39.2. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2, zinabaki 33.71. Naona utasema mbona majibu yanakaribiana. Ni bahati tu, na bahati ya namna hii ndiyo inayomharibu mtu. Chumba cha 6 kwa 5 kingekupa 84, wakati kuta zake zote ni 61.6. Halafu kumbuka mkono wa pili wa rangi, na usome kwenye kopo lita moja inafunika eneo gani.

Mwanangu amekariri eneo la tufe (umbo la mpira) bila kuelewa. Nimsaidieje?

Mchoree mpira uliobana kabisa ndani ya mcheduara, yaani umbo kama kopo, unaogusa juu, chini na ubavuni. Ubavu wa mcheduara huo, bila vifuniko, una eneo sawasawa na la mpira: 2πr mara 2r, yaani 4πr², r ikiwa nusu kipenyo. Na ujazo wa mpira ni theluthi mbili ya ujazo wa mcheduara. Archimedes wa Sirakusa, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, ndiye aliyethibitisha, na alilithamini jambo hili hadi akataka umbo hilo liwekwe kaburini kwake. Mwaka 75 KK Cicero, mwanasiasa wa Roma, alilitambua kaburi hilo huko Sisilia kwa tufe na mcheduara wake. Mtoto akishaliona hilo, kanuni haimtoki, na hakuna haja ya kumchapa ili aikumbuke.

Tangi langu la zege ni mita 2 kila upande. Kwa nini haliingii lita 8,000?

Umepima nje. Ikiwa kuta na sakafu zina unene wa sentimita 15, ndani ni 1.7 kwa 1.7 kwa 1.85: lita 5,346 hivi. Theluthi nzima imeliwa na zege.

Na usishuke mle kupima, hasa kama limefunikwa muda mrefu. Hewa ya ndani inaweza kuwa imekosa oksijeni. Mtu huzimia kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Pima kutoka juu, kwa mti mrefu.