Mama mkwe anasema aleji ya mtoto nimeileta mimi

Shangazi, naishi Buhongwa, Mwanza, mwanangu ana mwaka na miezi miwili, pumu ya ngozi anayo tangu mdogo. Juzi kanywa uji wa lishe wenye karanga akavimba macho na midomo, hospitali wakasema aleji. Mama mkwe, ambaye ndo anamlisha nikiwa kazini, anasema nimemharibu mwenyewe, eti nilijifungua kwa operesheni halafu namlea kizungu. Mume wangu kanyamaza tu.

Pole mwanangu, ya mtoto na ya maneno. Ujue hili jambo limewachanganya hata madaktari, mwaka 2000 madaktari wa watoto Marekani waliwaambia wazazi ambao ukoo wao una aleji wasiwape watoto karanga mpaka miaka 3, watu wakatii, 2008 wakaufuta ushauri wenyewe, halafu 2015 utafiti wa London ukaonyesha kinyume kabisa, kwamba watoto wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya mayai wakianzishiwa karanga mapema kabla haijawakataa, aleji ya karanga inapungua kwa kama asilimia 80. Sasa wale mama waliotii wakawanyima nao waliharibu watoto?

Hiyo ya kulea kizungu ina ukweli kidogo, kidogo tu. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, David Strachan, aliona watoto wenye ndugu wengi nyumbani hawasumbuliwi sana na mafua ya aleji, ndo ikaanza ile hoja kwamba mwili usipokutana na vijidudu utotoni unakuja kugombana na vitu visivyo na kosa. (Mtu asichukue hii akampeleka mtoto kuchezea maji ya ziwa, kule kuna kichocho.) Wengine wanataja operesheni, antibayotiki, maisha ya mjini, ila hakuna anayeweza kumwangalia mwanao akasema chanzo ni hiki. Na ukoo nao unachangia, hebu siku moja muulize mama mkwe taratibu nani upande wao ana pumu, ila sio mbele za watu, sitaki vita.

Mi kinachonitisha zaidi ni kwamba huyo bibi ndo anamlisha mtoto ukiwa kazini, na haamini. Mchukue muende naye kliniki aambiwe na daktari, we akikusikia anaona unajitetea tu, na mumeo ndo amwambie twende, hapo hana pa kunyamazia. Ajue karanga iko kwenye michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), kwenye kisamvu, kwenye mchicha, na unga wa lishe msagishe wenyewe kwenye mashine isiyosaga karanga. Ila msimkatie mayai wala dagaa kwa kuhofia tu, atadhoofu bure. Ngozi ipakwe mafuta aliyoandika daktari kila siku, na asitokee mtu wa kumjaribishia karanga nyumbani kuona kama imeisha.

Akivimba tena, akatapika mfululizo au akapumua kwa shida, msianze kumnywesha maziwa, iteni bajaji hapo hapo muende hospitali.