Muulize Mwalimu: Darasa moja, alama pahali pawili

SWALI: Mwalimu habari yako. Dada yangu mkubwa alihamia Texas na watoto, sasa kijana wake wa kwanza ako class inakaribiana na Form Three ya huku. Juzi kwa simu dada ananiambia ati kijana tayari anasoma chuo akiwa bado sekondari, na akimaliza shule atakuwa na nusu ya ile shahada yao ya miaka miwili. Mume wangu amecheka mpaka akamwaga chai, anasema hizo ni stori za watu wa majuu. Hio kitu iko kweli ama tunapigwa maringo? Na mbona Junior wangu wa Gredi 10 hana?
Mama Junior, Kondele, Kisumu

JIBU: Mama Junior, mwambie Baba Junior atafute kitambaa apanguse hio chai, kitu iko. Inaitwa dyuo krediti, yaani mtoto anakaa darasa moja, anafanya kazi moja, lakini alama zinaandikwa pahali pawili, kwa rekodi ya sekondari na kwa rekodi ya chuo. Akipita Kiingereza cha chuo, sekondari inahesabu amemaliza Kiingereza cha mwaka huo, na chuo nacho kinamwekea krediti tatu, yaani zile pointi chuo hutumia kuhesabu masomo umemaliza. Digrii ya huko kwa kawaida ni krediti 120 na ile ya miaka miwili ni kama 60, kwa hivyo mwenye bidii akibeba kozi kumi anatoka sekondari na 30 mkononi. Hesabu ya dada yako iko sawa kabisa. Na si kitu ya jana, jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya kuruhusu watoto wa sekondari kusoma chuo mwaka wa 1985, mwaka ule ule sisi tulikuwa tunaanza 8-4-4, fikiria.

Chenye kinachanganya watu ni mtoto anasomea wapi. Wengine hupanda basi wakaenda chuoni, wengine ni mtandao tu, lakini wengi hata hawatoki kwa geti la shule yao, ni mwalimu yule yule wa kila siku anaingia darasani, ila kipindi hicho anafundisha silabasi ya chuo na chuo ndicho kimempitisha kufundisha. Na hawapitishi tu mtu yeyote. Kule Texas kawaida ni awe na masters ya somo lenyewe, ama masters ya kitu ingine pamoja na krediti 18 za kiwango hicho kwa somo analofundisha. Hapo ndio shule za mashambani hukwama, mwalimu mzuri wanaye, makaratasi hana. Pesa nayo inategemea mkataba wa shule na chuo: mahali pengine shule inalipa, pengine mzazi anaingia mfukoni, na Texas tangu 2023 kuna mpango wa serikali ambapo watoto wa familia za mapato ya chini wanasoma hizi kozi bure kwa vyuo vilivyojiunga. Dada aulize kama chuo chao kimo.

Sasa wewe kama mama yake mdogo, ukipiga simu tena usiulize tu amefika krediti ngapi. Muulize anapata gredi gani, manake rekodi ya chuo haifutiki, D aliyoipata akiwa na miaka 16 itaonekana akiomba chuo na inaweza kumsumbua hata kwa msaada wa karo wa serikali. Muulize pia anataka kwenda chuo gani baadaye. Kozi za msingi za Texas zinahamishika kati ya vyuo vya umma vya hapo hapo, lakini chuo cha kibinafsi ama cha jimbo lingine kinaweza kukataa, na mtoto arudie kitu alishafanya. Heri aandikie hicho chuo mapema kabla hajajisajili. Alafu kuna hii itamkasirisha dada: kwa sheria yao ya rekodi za wanafunzi, mtoto akishaingia chuo rekodi za chuo ni zake hata kama hajafika 18, kwa hivyo mama akipiga simu kuuliza matokeo anaweza kuambiwa amuulize kijana. Jaribu kuelezea mzazi wa Kondele hio.

Huku kwetu Junior hana kwa sababu mlango wa chuo ni mmoja, mtihani wa KCSE wa mwisho wa sekondari mpaka sasa, C+ kwa digrii, C- kwa diploma, na alama za mwalimu wa darasani hazikupeleki popote peke yake. Sheria ya KNQF ya 2014, ile ya mfumo wa kitaifa wa kutambua vyeti, inataja kuhamisha krediti, lakini huwa tunaiona zaidi kwa mtu wa diploma anayeingia digrii. Junior achague vizuri masomo ya pathwei yake, yaani mkondo wake wa masomo, hio ndio kazi yake saa hii.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, shule yetu iko karibu na chuo cha ufundi na prinsipo anataka tuanze dual hapa. Tuanzie wapi?
Mwalimu wa Njoro, Nakuru

JIBU: Mwalimu, kwanza muulize prinsipo anamaanisha dual gani. Ile inasemwa sana kwa TVET, yaani vyuo vya ufundi, ni ya mwanafunzi wa chuo kugawanya muda kati ya darasa na kampuni, hio si hii. Kama ni hii, swali la kwanza mezani liwe nani anatia sahihi kwa alama na nani atazitambua kesho, alafu ndio mfike kwa ratiba, usafiri na bima ya watoto wakiwa karakana. Mkikosa jibu la hilo la kwanza msiwaambie wazazi neno krediti. Ombeni karakana siku moja kwa wiki, watoto washike mashine, na muiite ziara ya masomo.