Nimeokoka, ila mke wangu anasema hajaona mabadiliko

SWALI: Mchungaji, mi nimeokoka muda mrefu, kwaya naimba, mikesha sikosi. Juzi mke wangu kaniambia Mungu wangu naye huwa anabaki kanisani maana hapa nyumbani hajawahi kumwona, iliniuma sana. Kazini niko stoo na ile ya kuongeza kidogo kwenye risiti kila mtu anafanya. Hivi kweli imani inatakiwa ifike mpaka huko?

JIBU: Ndugu yangu, inafika huko, tena ndo huko hasa inakoanzia. Soma Luka 3, watu wamekuja kwa Yohana Mbatizaji kubatizwa wanamuuliza tufanye nini, na ukiangalia majibu yake hakuna hata moja linalohusu ibada! Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, watoza ushuru wasitoze zaidi ya walichoamriwa, askari wasidhulumu watu na watosheke na mshahara wao. Hakuwaambia waache kazi. Kila mmoja aligusiwa palepale alipokuwa na nafasi ya kumuumiza mwenzake, na wewe nafasi yako ni hizo risiti. Hiyo ya "kila mtu anafanya" hata watoza ushuru wangeweza kuisema.

Sasa la mke, hapa sitakupaka mafuta. 1 Petro 3:7 inawaambia waume wakae na wake zao kwa akili na kuwaheshimu ili maombi yao yasizuiliwe, yani unaweza kukesha usiku kucha unaomba kumbe kinachozuia ni namna ulivyomjibu mwenzio jioni ile. Huwa nashangaa tunavyoupita huu mstari haraka haraka wakati ule wa wake kutii tunaujua kwa kichwa. Mke ndo anakuona ukiwa umechoka, ukiwa na njaa, ukiwa huna wa kumwonyesha utakatifu, kwa hiyo ushahidi wake uuchukulie kwa uzito kuliko sifa za kwaya. Muulize nini hasa kinamuumiza, halafu sikiliza, usimjibu kwa mistari.

Na usielewe kwamba ndo unaununua wokovu, hapana, Waefeso 2 inasema tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, ila hapohapo mstari wa 10 unasema tuliumbwa tutende matendo mema. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka 19, hakuambiwa alipe kwanza ndo Yesu aingie kwake, Yesu aliingia kwanza, kisha mwenyewe akasimama akasema nusu ya mali nawapa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne.

Kwa hiyo hizo risiti acha leo, usisubiri mwisho wa mwezi. Ulichokwisha kuchukua kinatakiwa kirudi, najua hapo ndo pagumu maana kazi inaweza kwenda, ndo maana usilibebe peke yako, mwambie mke wako kwanza, halafu mtafute mzee wa kanisa mnayemwamini akusindikize siku ya kwenda kuongea na bosi.