Kama damu yako ni hasi, uliza habari ya sindano mapema

Wengi hudhani faida ya kujua kundi la damu ni siku ya ajali: umefikishwa hospitali umezimia, ndugu anasema "huyu ni B", unaongezewa B. Haiendi hivyo. Wahudumu makini hawaamini mdomo wa ndugu wala kadi iliyo kwenye pochi. Watakupima upya, kisha waioanishe damu yako na ya mchangiaji waone kama zinapatana. Hali ikiwa haisubiri, ndipo hutolewa O.

Mimi ni O hasi, na umuhimu wake niliuona kliniki ya wajawazito.

Herufi A, B na O tumezijua tangu 1901, kwa kazi ya Karl Landsteiner kule Vienna. Hasi na chanya zilikuja baadaye, 1940. Ukiwa chanya, chembe zako nyekundu zina alama iitwayo D, hasi hana. Kwetu Afrika hasi ni wachache, ndiyo maana hata majirani waliozaa watoto saba huenda hawajawahi kulisikia jambo hili.

Mama hasi akibeba mtoto aliyerithi uchanya wa baba, damu ya mtoto inaweza kupenya kwa mama, hasa wakati wa kujifungua. Mwili wa mama huiona ngeni na kutengeneza kingamwili. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Anayefuata, akiwa chanya, chembe zake hushambuliwa: anaishiwa damu, anazaliwa na manjano makali, au anafia tumboni. Mtaani wataita chango, au watamtafuta mchawi.

Kinga ipo. Ni sindano ya anti-D, ambayo kwa kawaida hutolewa mimba ikiwa na wiki 28, halafu tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, mtoto akiwa chanya. Mimba ikiharibika, ukitokwa damu au ukianguka na kuumia tumbo, wahi ukaulize pia. Kingamwili zikishaumbika sindano haizifuti, kwa hiyo dai kwanza kipimo cha kingamwili. Baba naye akiwa hasi, mtoto atakuwa hasi na sindano haina kazi.

Shida yangu ilikuwa upatikanaji. Nilikokuwa nahudhuria haikuwepo, tukazunguka maduka ya dawa, na bei yake ilitutoa jasho. Ulizia mapema, muweke akiba, na mjue duka gani linayo. Msiinunue mkaitunza kabatini: hukaa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8, na isigande.

Siku ya uchungu nilimpa mdogo wangu kazi moja tu: kuhakikisha damu ya kitovu inapimwa kundi. Wodi ikifurika, jambo kama hilo husahaulika kirahisi. Mtoto alikuwa chanya, nikachomwa kesho yake. Wa pili alizaliwa salama.

Halafu hili la ndoa. Mume na mke wote chanya wanaweza kuzaa mtoto hasi. A na B wanaweza kuzaa O. Kabla hujamfukuza mtu nyumbani kwa sababu ya kadi ya kliniki, nenda kaongee na daktari. Na wachumba, kutofautiana kundi si sababu ya kurudisha mahari. (Habari za kula kwa kufuata kundi la damu mimi nimeziacha kwa wanaouza vitabu.)

Kujua kundi lako ni kipimo cha dakika chache. Ukichangia damu kwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama utapimwa bure. Wanataka mwenye miaka 18 hadi 65 na kilo 50 au zaidi. Kama u hasi, waambie ndugu zako wa tumbo moja wapime pia, maana O hasi hupokea O hasi mwenzake tu, na huenda aliye karibu nawe kuliko wote ni kaka yako. Namba zao ziandike nyuma ya kadi ya kliniki.