Kabla hujaniletea oops, pandisha juu kwanza

Wadogo zangu, nimeletewa tena picha ya skrini ya seva ya Linux iliyokufa kwa oops (taarifa ya hitilafu ya keneli, kiini cha mfumo), mistari ya chini tu, na swali: "Kaka, tatizo ni nini?" Sijui. Jibu lilishapita juu.

1. Tafuta [#1], yaani oops ya kwanza. Keneli ikipata oops, mara nyingi huua mchakato uliohusika, kisha inaendelea kuchechemea. [#2] na [#3] zinatoka kwenye keneli iliyokwisha kujeruhiwa, ndiyo maana herufi D inatokea kwenye Tainted, sehemu ya herufi zinazoonyesha keneli ina doa gani. Hili mimi nililijua kwa aibu. Seva ya hifadhidata ilianguka usiku, nikaishika oops ya mwisho kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele ya macho. Ilitaja ext4, mfumo wa mafaili wa diski. Basi! Nikawaamsha watu wa stoo, diski zikabadilishwa, nikaandika ripoti iliyojaa "bila shaka". Kesho yake seva ikalala tena. Mzee mmoja wa kazini akaifungua vmcore (nakala ya kumbukumbu ya keneli iliyoanguka) kwa crash, programu ya kuichambua, akaandika log, akapanda taratibu mpaka [#1]: general protection fault (kugusa kumbukumbu isivyoruhusiwa), anwani 0xdead000000000108. Hiyo dead ni alama ambayo keneli huiacha kwenye kitu ikikitoa kwenye orodha. Yaani kitu kilichokwisha kutolewa kwenye orodha kilikuwa kinatolewa mara ya pili, na RIP (mahali CPU ilipokuwa ikitekeleza) ilikuwa ndani ya moduli ya ufuatiliaji tuliyoijenga wenyewe, nje ya keneli. Ext4 ilikuwa majeruhi tu. Mzee akagusa Tainted kwa kalamu: "Na hii O ya moduli iliyojengwa nje, ulidhani ni sifuri?" Ofisi nzima ilicheka, na mpaka leo wapo wanaoniita Sifuri. Kama kdump, inayohifadhi vmcore, inafanya kazi, weka panic_on_oops=1, keneli ife kwenye oops ya kwanza.

2. Anwani ndogo kama 0x28 ni pointa ya NULL (isiyoelekeza popote) ikijumlishwa na nafasi ya kitu ndani ya struct, muundo wa data. Ndani ya crash, amri ya struct -o itakutajia ni kipi.

3. Mstari wenye ? kwenye Call Trace (orodha ya funksheni zilizoitana) huenda ni masalia ya steki. Usiujengee kesi.

4. vmlinux, faili la keneli unaloipa crash, iwe ya keneli ileile iliyoanguka. "Inakaribiana" haipo.

5. Kwenye soft lockup (CPU kukwama muda mrefu ndani ya keneli), CPU inayotajwa mara nyingi inasubiri kufuli tu. Juzi kijana ameichambua CPU 3 asubuhi nzima, kwa bidii ya kusifiwa kabisa, na kufuli lilikuwa limeshikwa na CPU 7. Andika bt -a ndani ya crash, mdogo wangu, uone CPU zote zilikuwa zinafanya nini.